Madenti Wawili Tu

Maneno niliyoyasema kwenye mkutano wa wazazi wa shule ya sekondari ya kata, Mtoni, Dar es Salaam, Januari 2025

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, Mkuu wa Shule pamoja na walimu wako, Mtendaji wetu, Afande wa kata, mashehe na wachungaji mliofika, wazazi wenzangu. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Nimeombwa niseme kwa niaba ya wazazi wa kidato cha tatu, na ajenda niliyopewa ni michango ya uji na ya mlinzi. Hiyo nitaimaliza upesi kwa sababu sina ubishi nayo. Serikali ilifuta ada kuanzia Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015, na mimi ni mmoja wa watu walioshukuru, maana bila ule waraka sijui kama leo ningekuwa na mtoto kidato cha tatu. Lakini uji wa watoto wetu ni wetu. Aliyenacho atoe. Asiyenacho aje amwone mwalimu, aseme hali yake, na mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya uji. Kwangu mimi hilo limekwisha.

Dakika zilizobaki naomba nizungumzie barabara, namna watoto wetu wanavyofika hapa na kurudi.

Mimi nakaa Chamazi. Wanaokaa huko wanajua asubuhi yetu inaanza saa ngapi. Saa kumi na nusu alfajiri mama watoto ameshawasha jiko la mkaa, anachoma vitumbua vya kwenda kuuza pale njia panda. Mimi naamka naye, nachota maji, namwamsha binti yetu mkubwa, ambaye yuko hapa kwenu. Wa pili ni wa kiume, yuko darasa la tano kulekule kwetu, anaingia zamu ya mchana kwa kuwa madarasa hayatoshi, kwa hiyo asubuhi yeye ndiye anayebaki na mdogo wake wa miaka minne mpaka mama arudi. Ndivyo tunavyokwenda. Kila mmoja ana zamu yake.

Juu ya kabati letu kuna kopo. Ndani yake hamna noti, ni sarafu tupu za mia na mia mbili, na zinanuka mafuta ya vitumbua kwa sababu ndiko zinakotoka. Mama watoto akirudi kutoka njia panda, kabla hajahesabu faida, anatenga kwanza sarafu za nauli ya kesho. Siku moja nilimwambia ampe mtoto noti ya elfu tu, kuliko kuhangaika na vichele. Akanijibu, "Akienda na noti konda atasema hana chenji, atamshusha." Nikanyamaza. Alikuwa anasema kweli, na mimi niliijua hiyo kweli kuliko yeye. Nitawaambia niliijuaje.

Binti anapanda magari mawili kuja, Chamazi mpaka Rangi Tatu, Rangi Tatu mpaka hapa Mtongani, na mawili kurudi. Shilingi mia nane kwa siku, elfu nne kwa wiki. Hela hiyo tunaipata, Mungu anasaidia. Kinachotushinda ni mlango wa gari.

Mwezi wa kumi mwaka jana, siku ya Jumatano, shule ilitoka saa tisa. Saa kumi na mbili hajafika. Saa moja hajafika. Mama yake ameshakwenda kituoni mara mbili na kurudi. Mimi nimekaa kizingitini, maneno nimeshayapanga, na nisiwafiche, mkono pia nilikuwa nimeuandaa. Mnajua kichwa cha baba mwenye binti wa miaka kumi na sita kinavyokwenda ikifika saa mbili ya usiku. Nilishafika mbali. Nilishamwona hadi kijana mwenyewe, na pikipiki yake, na rangi ya pikipiki.

Akaingia saa mbili na robo. Hata shikamoo hakutoa. Alikaa sakafuni, akavua viatu, na soksi ya mguu wa kulia ilikuwa imegandana na kisigino kwa damu. Nikamuuliza, ulikuwa wapi? Akasema, "Baba, yamenikataa magari tisa. Nimeyahesabu."

Walikuwa watatu, yeye na wenzake wawili wa darasa moja. Magari manane yaliwapita, mengine yalisimama yakachukua watu wazima yakaondoka. La tisa konda alifungua mlango akawaambia, "Madenti wawili tu." Yaani wanafunzi wawili, na wao ni watatu. Hawakutaka kumwacha mwenzao peke yake barabarani na jua linazama, wakakataa wote. Wakatembea. Mtongani, Kizuiani, Zakhem, mpaka Rangi Tatu, na mabegi mgongoni, pembeni ya Barabara ya Kilwa, giza likiwakuta njiani. Rangi Tatu ndiko wakapata mzee mmoja dereva wa gari la Chamazi akawapakia bila neno.

Mkono niliokuwa nimeuandaa niliutumia kuchukua beseni la maji ya chumvi.

Madenti wawili tu. Wazazi wenzangu, maneno hayo nimeyasema mimi. Nimeyasema kwa mdomo huu huu mnaousikia. Nilikuwa konda miaka minane, Mbagala–Kariakoo, kabla sijapata kibanda changu cha kuchomelea mageti. Usiku ule binti yangu alipolala, nilihesabu na mimi. Kama nilikataa wanafunzi ishirini kwa siku, na siku nyingi walizidi hapo, basi kuna watu wazima leo katika mji huu, wengine pengine wamekaa hapa mbele yangu, ambao waliwahi kutembea Barabara ya Kilwa usiku kwa sababu yangu. Kama upo, naomba unisamehe. Nasema mbele ya watu wote.

Na kwa kuwa nimekuwa upande wa pili wa ule mlango, acheni niwaeleze unavyofanya kazi, maana tunalalamika sana bila kujua tunacholalamikia.

Ukikaribia kituo unawaona kutoka mbali. Mashati meupe yanaonekana hata jua halijatoka. Unamwambia suka, yaani dereva, apitilize, naye anakwenda kusimama hatua ishirini au thelathini mbele ya kituo. Watu wazima wanakimbia, wanafunzi nao wanakimbia, lakini mwanafunzi ana begi na anaogopa kumpiga kikumbo mtu mzima, ndivyo tulivyomlea. Akifika mlangoni anakuta mkono wako umeshika bomba la upande wa pili, umeufanya geti. Akija mtu mzima unaunyanyua. Akija mwanafunzi unaushusha. Kituoni wanajua, ndani ya gari wanajua, na gari linaondoka.

Sikuwa nawachukia. Gari lilikuwa la bosi, na bosi alitaka hesabu yake kila jioni, elfu sabini, mvua inyeshe jua liwake. Mafuta juu yetu. Pancha juu yetu. Faini juu yetu. Mpiga debe wa Rangi Tatu naye ana chake. Kinachobaki baada ya hapo ndiyo posho, mimi na suka tugawane, na kama hakikubaki kitu nyumbani kwangu hawali. Mkataba sikuwa nao. Nikiugua siku moja, anapanda deiwaka, kibarua wa siku, na kesho yake huenda gari si langu tena.

Sasa angalieni hesabu za leo. Tangu LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, walipotangaza nauli mpya mwishoni mwa mwaka 2023, mtu mzima kwa njia isiyozidi kilomita 10 analipa shilingi 600. Mwanafunzi analipa 200. Hiyo 200 imesimama palepale tangu 2013, wakati watu wazima tumepandishiwa mwaka 2022 na tena mwaka 2023. Uamuzi huo ni mwema, mimi kama mzazi nauunga mkono kwa mikono miwili, na yeyote atakayeleta hoja ya kuipandisha nauli ya mwanafunzi atanikuta mlangoni. Lakini kati ya 200 na 600 kuna 400. Hiyo 400 inalipwa na nani? Serikali hailipi. Bosi halipi, hesabu yake iko vilevile. Sisi wazazi hatulipi. Wanailipa konda na dereva, kutoka kwenye posho yao. Wanafunzi kumi kwenye Coaster moja ni shilingi elfu nne kwa tripu moja. Tumewapa watoto wetu unafuu, halafu bili tumempelekea kijana asiye na mkataba wala bima, tena hatukumwambia.

Simtetei. Kumkataa mwanafunzi ni kosa, masharti ya leseni yanakataza, na mimi nilipokuwa nafanya nilijua kwamba nakosa. Ila nawaambia kwa nini operesheni za trafiki hazidumu. Sisi tulikuwa tukimwona askari kituoni tunajaza madenti mpaka wengine tunawapakata, kituo kinachofuata hakuna askari, tunawapita. Askari hawezi kusimama kila kituo kila asubuhi. Hesabu ya bosi ndiyo inayosimama kila kituo kila asubuhi.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza sitalipeleka kwa makonda. Nalipeleka kwa wenye magari, na hapa ndani wapo, wengine nawafahamu, ni wazazi kama mimi. Punguzeni hesabu siku za shule. Sisemi muifute.

Mwezi wa kumi na moja nilimfuata mzee mmoja wa mtaani kwetu mwenye Coaster mbili. Nilikaa barazani kwake jioni mbili. Ya kwanza alinisikiliza, akaniambia biashara ni biashara, akanipa kahawa nikaondoka. Ya pili nilikwenda na binti yangu, nikamwomba amwonyeshe kile kisigino. Yule mzee aliangalia kimya muda mrefu. Tukakubaliana hivi: atapunguza elfu nane kwa gari kwa kila siku ya shule, na gari lichukue wanafunzi wasiopungua wanane kila tripu ya asubuhi na ya jioni. Akaniuliza, nani atahesabu? Nikamwambia, sisi. Nikasimama mimi kituoni asubuhi na daftari, wiki tatu, mpaka shule zilipofungwa Desemba. Kituo nilichosimama mimi, magari yale mawili hayakumwacha mtoto hata siku moja. Vituo vingine sikuwepo, siwezi kuvisemea. Na hapo ndipo ninapowahitaji.

Maana na sisi tuna la kujibu. Konda anaposema madenti wawili tu, gari lina watu thelathini, na nusu yao ni wazazi. Tunafanya nini? Tunaangalia simu. Tunachelewa kazini, mtoto si wetu, tunaona bora gari liondoke. Nimekuwa konda miaka minane, na abiria waliowahi kuniambia "mwache mtoto apande" nawakumbuka watatu. Kila waliponiambia nilimwacha mtoto apande, nakumbuka kwa sababu nilikuwa naona aibu. Mmoja alikuwa mama mjamzito, akanyanyuka kwenye kiti chake akasema kama nafasi hakuna, yeye atashuka mtoto akae. Gari zima lilimgeukia. Wale watoto walipanda wote.

Wako watoto wetu ambao wameshapata ujanja wao wenyewe. Shule ikitoka wanavuka barabara, wanapanda gari linalokwenda mjini, wanageuza nalo Kariakoo, ili linaporudi Mbagala wawe wameshakaa ndani. Mia nne badala ya mia mbili, na foleni yote ya kwenda na kurudi. Mtoto huyo anaingia nyumbani usiku, anaosha vyombo, anafungua daftari na macho hayafunguki. Halafu matokeo yakitoka tunauliza walimu.

Na wako wanaopata njia nyingine. Mtoto akishakataliwa na magari tisa, wa kumi kusimama mbele yake ni kijana wa bodaboda, ana tabasamu, anamwambia, "Panda dada, nakusogeza, usinilipe." Sisemi vijana wote wa bodaboda, mdogo wangu mwenyewe anaendesha, na analea wanawe kwa kazi hiyo. Lakini tunajua sote yanayoanzia kwenye ile lifti. Leo lifti, kesho chipsi, mwezi ujao simu ambayo mama haijui imetoka wapi. Sheria ipo, tangu 2016 anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka thelathini. Na tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua ameruhusiwa kurudi darasani, jambo ambalo lilichelewa sana na ninalishukuru. Vyote viwili vinamkuta mtoto ameshaumia. Mimi nataka tumkute kituoni saa tisa na nusu alasiri, akiwa bado anahesabu gari la tatu.

Najua kuna watakaosema tusubiri mwendokasi, mabasi yaendayo haraka. Wenzetu wa Kimara wanaipanda tangu 2016. Huku kwetu barabara yake imeshajengwa, zege tunalikanyaga kila siku tukivuka, mpaka Januari hii ya 2025 mabasi ndiyo hatujayaona. Yakija tutafurahi. Lakini mwendokasi hautafika Chamazi wala Mbande wala vichochoro vya Kingugi, na mtoto bado atahitaji gari la kumfikisha barabarani.

Tena kuna jambo ambalo wengi wetu hatujalipigia hesabu, naomba mnisikilize vizuri hapa. Mtaala mpya ulioanza 2024 umeifanya elimu ya msingi iwe ya miaka sita. Wa kwanza kumaliza kwa mfumo huo ni wale waliokuwa darasa la tatu mwaka jana. Mwanangu mwaka jana alikuwa la nne, kwa hiyo yeye ni wa mfumo wa zamani, atamaliza la saba mwaka 2027. Wale wa nyuma yake mwaka mmoja watamaliza la sita mwaka huohuo, 2027. Maana yake Januari 2028 madarasa mawili yanaingia kidato cha kwanza kwa pamoja, nchi nzima. Nasikia viongozi wanazungumza madarasa, madawati, walimu, na ni sawa. Sijasikia mtu anazungumza watoto hao watafikaje. Kituo kile kile cha Mtongani, magari yale yale, mashati meupe mara mbili. Kama leo watoto watatu wanaambiwa wawili tu, siku hiyo wataambiwaje?

Hizi shule za kata zilijengwa kwa wingi kuanzia 2004 ili mtoto asome karibu na kwao. Leo mtoto wa Chamazi anapangiwa Mtoni, na nimekutana na mzazi wa Mtoni ambaye mwanawe amepangiwa Mbagala. Watoto hao wawili wanapishana barabarani kila asubuhi, kila mmoja anakwenda kukataliwa na makonda wa upande wa mwenzake. Mheshimiwa Mtendaji, hilo naomba ulibebe ulifikishe Manispaa ya Temeke kwa maneno hayohayo. Wilaya ina watu zaidi ya milioni 1.3 kwa sensa ya 2022, najua kupanga si kazi nyepesi. Lakini kabla ya majina kubandikwa, kuna mtu mmoja anaweza kukaa na orodha akaangalia mtoto anakaa wapi.

Na wewe Mwenyekiti, umechaguliwa Novemba hii iliyopita, bado una nguvu mpya. Nakuomba tuite wenye magari ya njia hii, viongozi wa madereva, na wazazi, tukae meza moja mwezi huu huu. Mimi nitakuja na daftari langu la wiki tatu, na yule mzee mwenye Coaster mbili amekubali kuja kusema mwenyewe kama amepata hasara au hakupata.

Makonda mlioko hapa nje getini, maana nawaona mmesimama kusikiliza, nyinyi ni wadogo zangu. Sijaja kuwashitaki. Nikiwakuta kituoni nitawasalimia kwa majina, na mwanafunzi nitampandisha mwenyewe kwa mkono wangu.

Daftari liko kwa mwalimu wa zamu, pale mezani chini ya mwembe. Nimechora vituo vitano: Mtongani, Kizuiani, Zakhem, Rangi Tatu na Chamazi mwisho. Kila kituo kinahitaji wazazi wawili asubuhi, kuanzia saa kumi na moja na nusu mpaka saa moja, na wawili jioni kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na mbili. Ukigawa vizuri, mzazi mmoja anasimama mara moja kwa wiki mbili. Aliye kazini asubuhi achukue jioni. Kina mama wa vitumbua na maandazi mlio vituoni tayari, nyinyi nawaomba zaidi, kwa sababu mnaona kila kitu na makonda wanakunywa chai kwenu.

Jumatatu asubuhi niko Kizuiani. Nimeshaandika jina langu mstari wa kwanza, mstari wa pili uko wazi.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.